Sura ya Sita: Jirani Aambiwe Mapema

Ukipita Kilimani, Kileleshwa au Lavington jijini Nairobi, kuna karatasi utaikuta imefungwa kwa waya kwenye geti la nyumba ya zamani yenye bustani. Imetiwa ndani ya plastiki isilowe mvua. Maandishi yake ni madogo, na aghalabu ni ya Kiingereza. Inataja nambari ya kiwanja, inasema mwenyewe anakusudia kubadili matumizi kutoka makazi ya familia moja hadi nyumba za ghorofa, na inamtaka yeyote mwenye pingamizi aliwasilishe kwa maandishi katika ofisi za kaunti ndani ya siku 14. Watu wanapita. Vijana wa bodaboda wanaegemea ukuta uleule wakisubiri abiria. Siku ya 15 karatasi imemaliza kazi yake, na baada ya miezi michache linafika tingatinga.

Wakazi wengi wa miji yetu hawajui kwamba karatasi ile ilikuwa inawahusu wao. Huamka siku msingi unapochimbwa, wakaanza kupiga simu, wakaitana mkutano wa dharura, wakatafuta wakili. Kufikia hapo kibali kimeshatoka, benki imeshatoa mkopo, na kila neno la jirani linaonekana kuwa fitina. Ugomvi wa namna hii umekuwa jambo la kawaida mijini, na sehemu kubwa ungeweza kuzuilika kwa kitendo kimoja cha bei nafuu: kumwambia jirani mapema, kwa njia ambayo kweli itamfikia.

Hati ni ya mmoja, madhara ni ya wengi

Wapo wanaouliza kwa nini mtu aliyenunua ardhi kwa jasho lake aombe ruhusa ya kuitumia, tena awape taarifa watu wasiochangia hata shilingi. Swali hili ni la haki na linastahili jibu.

Katiba ya Kenya ya 2010 inalinda mali ya mtu katika Ibara ya 40. Katiba hiyohiyo, katika Ibara ya 66, inaipa Serikali uwezo wa kudhibiti matumizi ya ardhi yoyote kwa ajili ya usalama, afya na mipango ya ardhi. Ibara hizi mbili hazigombani. Hati inakupa kipande cha ardhi chenye mipaka, lakini unachokifanya juu ya kipande hicho hakiishii kwenye mpaka. Moshi hauna habari na bikoni. Majitaka hufuata mteremko. Kelele za baa huvuka ukuta, na kivuli cha jengo la ghorofa kumi huangukia kamba ya kuanikia nguo ya mtu mwingine.

Tuseme kiwanja cha nusu ekari kilikuwa na familia moja ya watu sita, na sasa kinajengwa nyumba 60. Bomba la maji la mtaa ni lilelile. Bomba la majitaka ni lilelile. Barabara ni ileile, nayo ilipimwa wakati kila geti lilikuwa na gari moja. Mwenye kiwanja atapata kodi ya nyumba 60, na mtaa mzima utagawana foleni, mgao wa maji na chemba zinazofurika. Ndiyo maana matumizi ya kiwanja si shauri la mwenye hati peke yake, hata kama ardhi ni yake peke yake.

Kuna sababu nyingine, na kwangu ndiyo yenye uzito zaidi. Jirani anajua mambo ambayo mchoro hauyajui. Mpimaji huja na vifaa vyake asubuhi na kuondoka jioni, na pengine amekuja kiangazi. Jirani ameona masika mengi mahali palepale. Anajua maji ya mvua hupita wapi, chemba ipi hufumuka kwanza, watoto wa shule huvukia wapi, na gari la zimamoto lilishindwa kukata kona gani. Ofisi inayoamua bila kumsikiliza imeamua ikiwa na nusu ya habari.

Miji iliyopangwa bila kuuliza mtu

Tumerithi miji ambayo wenyeji wake hawakuulizwa lolote. Mwaka 1914 utawala wa Kijerumani uliigawa Dar es Salaam katika kanda tatu kwa kigezo cha aina ya nyumba iliyoruhusiwa kujengwa, na kigezo hicho kikawa mgawanyo wa rangi za watu. Majina ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini yametoka katika mpango wa namna hiyo. Nairobi nayo ilitengenezewa mpango mkuu mwaka 1948, na jina la mpango huo lilisema wazi kwamba hapa panajengwa mji mkuu wa koloni. Mwafrika katika mipango hiyo alikuwa mtu wa kupangiwa. Taarifa iliyomfikia ilikuwa amri ya kuhama.

Uhuru haukuziondoa sheria hizo mara moja. Tanzania Bara iliendelea kutumia sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 mpaka ilipotunga Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007. Kenya ilipata sheria yake ya upangaji mwaka 1996, kisha ikaifuta na kuleta Sheria ya Upangaji wa Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019. Kwa hiyo haki ya mkazi wa kawaida kuambiwa na kusikilizwa ni changa. Maofisa wengi bado wanaiona kama hisani, na wananchi wengi bado hawajaizoea.

Sheria inasemaje

Sheria ya Kenya ya 2019 inakataza mtu yeyote kuanza ujenzi au mabadiliko ya matumizi bila kibali cha kaunti. Anayeanza bila kibali anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili. Kifungu cha 58 kinamtaka mwombaji kuutangazia umma mradi anaoukusudia, na tangazo hilo lazima liwaalike watu kupeleka mapingamizi yao kwa waziri wa kaunti anayehusika na upangaji.

Kifungu hichohicho kina jambo ambalo kila mkazi anapaswa kulijua. Mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inahesabu kwamba kibali kimetolewa. Maana yake ni kwamba ukimya una upande, nao ni upande wa mwombaji. Jirani anayengoja ofisi imwite huenda akangoja mpaka kibali kipatikane bila mtu yeyote kukitia saini.

Kibali kikitolewa, mlango haujafungwa. Aliyeathirika na uamuzi anaweza kukata rufaa ndani ya siku 14 katika kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za upangaji, na kamati hiyo nayo imepewa siku 14 kuamua. Asiporidhika, anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Tena, kama linalotishiwa ni haki ya mazingira safi na yenye afya, Ibara ya 70 ya Katiba inamruhusu mtu kwenda mahakamani bila kuthibitisha kwamba amepata hasara yeye mwenyewe. Huhitaji kusubiri uugue ndipo usikilizwe.

Gharama ya kutoambiwa

Kwa anayeona haya yote ni urasimu, kuna Owino Uhuru. Hiki ni kitongoji cha watu wapatao 3,000 huko Mombasa. Mwaka 2007 kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi kilianza kazi ubavuni mwa nyumba za watu. Moshi wake uliingia madirishani, na maji yake yakatiririka kwenye vichochoro wanamochezea watoto. Risasi ni sumu inayoharibu ubongo wa mtoto, na uharibifu huo haurudi nyuma. Phyllis Omido, aliyekuwa mfanyakazi wa kiwanda hicho, alianza kupiga kelele baada ya mwanawe mchanga kupatikana na sumu hiyo mwilini. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira, mwaka mmoja baada ya kiwanda kufungwa.

Kesi ilikwenda miaka mingi. Julai 2020 mahakama mjini Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairudisha. Mtoto aliyezaliwa mwaka kiwanda kilipoanza alikuwa ametimiza miaka 17. Wakazi hawa wangeelezwa waziwazi kabla tanuri la kwanza halijawashwa, wakaambiwa ni kitu gani kitayeyushwa na kina madhara gani, mkutano wa alasiri moja ungetosha kuuliza maswali ambayo mahakama tatu ziliyauliza baadaye, watu wakiwa wameshaumia.

Lamu iko kaskazini kwenye pwani hiyohiyo, na huko wananchi waliwahi. Mtambo wa umeme wa makaa ya mawe wa megawati 1,050 ulikusudiwa kujengwa Kwasasi, si mbali na Mji wa Kale wa Lamu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Mamlaka ya mazingira ilitoa leseni mwaka 2016. Wakazi, chini ya muungano wao wa Save Lamu, walipinga leseni hiyo katika Baraza la Kitaifa la Mazingira, na tarehe 26 Juni 2019 baraza likaifuta.

Sababu moja kubwa ya uamuzi huo inatugusa hapa. Mikutano na wananchi ilifanyika, tena zaidi ya mmoja. Lakini ilifanyika kabla ripoti ya athari haijakamilika, na ripoti ilipokamilika watu hawakurudiwa ipasavyo kuelezwa yaliyomo. Mvuvi aliitwa kusikia habari za umeme na ajira, na hakuwekewa mbele habari za maji ya moto baharini na majivu ya makaa ili azitolee maoni. Baraza lilikataa kuhesabu jambo hilo kuwa ushirikishwaji. Hukumu hiyo inatufundisha kwamba mtu anaweza kuitwa, akakalishwa kwenye kiti, akapewa soda, akatia saini karatasi ya mahudhurio, na bado asiwe ameambiwa kitu.

Tangazo hupimwa kwa aliyelipata

Hapa ndipo ninaposimama katika kitabu hiki: tangazo halipimwi kwa kutolewa kwake, linapimwa kwa waliolipata. Ukilipima hivyo, matangazo mengi tunayoyaona hayafai.

Tuanze na lugha. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hakuna sababu yoyote ya kisheria ya tangazo linalomhusu mama mboga kuandikwa kwa Kiingereza cha mawakili peke yake. Karatasi ya getini iandikwe kwa lugha zote mbili, kwa herufi zinazosomeka kutoka upande wa pili wa barabara, na iwe na mchoro mdogo unaoonyesha jengo litakavyokaa.

Linafuata suala la nani ni jirani. Katika miji mingi ya Marekani, taarifa hutumwa kwa barua kwa wenye viwanja walio ndani ya umbali uliowekwa. Ni utaratibu mzuri, ila ukiletwa kwetu jinsi ulivyo utawaacha wengi nje. Wakazi wengi wa Nairobi ni wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kuwa anaishi kaunti nyingine, au anafanya kazi Dubai au Minnesota, na karatasi ya getini haitamfikia kamwe. Anayepumua vumbi ni mpangaji. Taarifa imfikie anayeishi pale na anayemiliki pale, wote wawili, na kwa mwenye nyumba aliye mbali ujumbe wa simu unatosha.

Kisha kuna suala la nani anayetangaza. Uingereza kazi hiyo ni ya halmashauri: hubandika tangazo au hutuma barua kwa majirani, nao hupewa siku 21 za kutoa maoni. Kenya tumempa mwombaji mwenyewe, yaani tumemkabidhi kazi ya kutangaza mtu ambaye angenufaika tangazo lisipoonekana. Sisemi waombaji wote ni wajanja. Nasema mfumo usimjaribu mtu. Ofisa wa kaunti afike kiwanjani, apige picha tangazo likiwa mahali pake, arudi baada ya siku chache aone kama bado lipo, na picha hizo ziingie kwenye faili. Faili lisilo na picha lisijadiliwe.

Mahakama zetu zimeshaonyesha njia. Mwaka 2014, katika kesi ya Robert Gakuru kuhusu sheria ya fedha ya Kaunti ya Kiambu, Mahakama Kuu ilisema bunge la kaunti lina wajibu wa kuwahimiza watu washiriki kwa kutumia njia nyingi kadiri inavyowezekana, zikiwemo makanisa, misikiti, mahekalu, mabaraza ya wananchi na redio za lugha za wenyeji. Kesi ile ilihusu kodi, lakini hoja yake inaifaa ardhi zaidi, maana ardhi haihami. Tangazo likisomwa baada ya sala ya Ijumaa na baada ya ibada ya Jumapili, mtaa mzima utakuwa na habari kufikia Jumatatu.

Vijijini tuna mfano wetu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya Tanzania ya mwaka 1999 inaelekeza kwamba ardhi ya kijiji isiyozidi hekta 250 inapotakiwa kuhamishwa kutoka miliki ya kijiji, Mkutano Mkuu wa Kijiji ndio unaokubali au kukataa, na mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Ikizidi hapo, mkutano hutoa mapendekezo na Waziri ndiye anayeamua. Uhamisho haufanyiki kabla ya makubaliano juu ya fidia. Utekelezaji una kasoro zake, ila msingi ni sahihi: watu wanakusanyika mahali pamoja, wanaelezwa kwa lugha yao, na wanauliza kwa midomo yao.

Kubisha hodi

Zaidi ya yote yanayotakiwa na sheria, kuna lile ambalo halihitaji sheria. Kwa mwambao wote kuanzia Lamu hadi Kilwa, mtu kuanza ujenzi bila kumpitia jirani ni utovu wa adabu. Mazungumzo ya mlangoni huwa mafupi, nayo hufanya kazi ambayo hakuna fomu inayoweza kuifanya:

“Hodi, mama.”

“Karibu, mwanangu. Karibu kiti.”

“Ahsante, nimepita kukuarifu tu. Ile nyumba ya mzee tunataka tuibomoe, tuweke ghorofa nne za kupangisha. Mchoro huu hapa, nimeona uutazame kabla sijaupeleka kaunti.”

“Ghorofa nne! Na madirisha haya ya huku, yatatazama uani kwangu?”

“Hayo ni ya jikoni na bafuni, mama.”

“Basi yapandisheni juu, baba. Uani ndipo wanangu wanaposhinda. Na ule mfereji wa mvua wa mzee wako unapita hapo nyuma. Mkiujengea juu, mimi masika nitalala majini.”

Mambo mawili yamepatikana hapo, dirisha na mfereji. Kuyarekebisha kwenye karatasi ni kazi ya fundi mchoraji ya asubuhi moja. Kuyarekebisha baada ya ukuta kusimama ni nyundo, fedha na uhasama utakaorithiwa na watoto. Mwenye kiwanja anayebisha hodi hapotezi haki yake hata chembe. Hajaomba ruhusa, amepata habari.

Jirani naye ana wajibu

Haki ya kuambiwa inakuja na wajibu wa kujibu vizuri. Kuna mapingamizi yanayoandikwa kwa wivu, na kuna yanayoandikwa ili watu wa kipato cha chini wasisogee karibu. Barua inayosema tu kwamba mradi “utashusha hadhi ya mtaa” haijasema kitu cha kupimika, na ofisi haikosei ikiiweka kando. Miji yetu inahitaji nyumba, nyingi na za bei nafuu, na mtaa hauwezi kufungwa milele kwa ajili ya waliotangulia kufika.

Pingamizi lenye nguvu linataja vitu. Linasema chemba iliyo mbele ya nyumba fulani hufurika kila masika, na picha zake hizi hapa. Linasema maji ya bomba hutoka siku mbili kwa wiki, na linauliza nyumba 60 mpya zitapata wapi. Linasema mradi hauna nafasi ya kutosha ya magari na barabara haina pa kuegesha. Kisha linapendekeza: punguzeni ghorofa mbili, hamisheni lango, pitisheni mfereji upande wa kusini. Barua ya namna hii humpa ofisa sharti la kuandika kwenye kibali, na mara nyingi sharti jema lina faida kuliko kukataa moja kwa moja.

Kwa hiyo, msomaji, fanya mambo haya. Ukiona karatasi getini, simama uisome, ipige picha, uitume kwenye kundi la mtaa siku hiyohiyo. Nenda ofisi ya upangaji uombe kuona mchoro. Andika pingamizi au maoni yako kwa maandishi, ubaki na nakala iliyopigwa mhuri wa kupokelewa. Ukiwa wewe ndiye mwenye kiwanja, tembelea nyumba zote zinazokuzunguka kabla ya kulipa ada yoyote. Nawe diwani, ofisa mipango, mwakilishi wa wadi: usipitishe faili mpaka uone ushahidi kwamba majirani walifikiwa kwa lugha wanayoielewa. Sheria imeshatupa siku za kuzungumza kabla ya kujenga. Tuzitumie, maana zikipita, kinachobaki ni mahakama.